Kalehe: Waya ya taa ya nyuma, nani atalipa siku mbili za fundi?

Ndugu wasomaji, na ninyi wazazi mnaotusikiliza redioni kisha mnasomewa habari hizi na vijana wenye simu, leo siongei juu ya bei ya unga wala juu ya vizuizi vya barabarani. Naongea juu ya waya. Najua mtu atasema mwandishi amekosa habari. Soma kwanza.

Jioni moja ya hivi karibuni nilipanda kamyo pale Nyabibwe ili nirudi Kalehe-centre. Juu ya mzigo tulikuwa watu zaidi ya ishirini: akina mama wa soko na magunia yao ya viazi, vijana wawili waliotoka migodini, na familia moja iliyokuwa inarudi upande wa Katana baada ya kukaa miezi mingi kwa watu huko Minova. Baba alikuwa ameshikilia godoro lililofungwa kwa kamba. Mama alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine katikati ya magoti. Kabla hatujaondoka, konvwayere alitoa simu yake, akawasha tochi, akaifunga kwa kipande cha shambrea kwenye ubao wa nyuma, akapiga ubao mara mbili ili shofere aende. Hiyo ndiyo ilikuwa taa yetu ya nyuma.

Karibu na Bushushu simu ikaisha chaji. Hakuna aliyejua. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, giza limeshaingia, na kamyo ilikuwa inapunguza mwendo ili ivuke mahali ambapo maji yamekula barabara. Tukasikia nyuma yetu breki ya pikipiki, halafu kishindo, halafu mwanamke analia. Kijana wa pikipiki alikuwa ametuona tumebakiza hatua chache. Akapinda, akaanguka kwenye changarawe pamoja na abiria wake. Mungu alisaidia, mama yule alichubuka goti na mkono tu. Kijana alisimama akitetemeka, akamwambia shofere wetu: "Muzee, mimi nimeona giza tu. Sikujua iko kamyo."

Shofere hakugombana naye. Alishuka, akapiga teke taa ya nyuma, ambayo ilikuwa nzima kabisa, na kioo chake chekundu hakina hata ufa. Akanijibu kwa hasira ya mtu aliyechoka: "Taa iko muzima. Balbu iko muzima. Waya ndiyo imekatika ndani ya shasi, na hatujui ni wapi. Njo vile, tangu walifunga shasi."

Maneno hayo, "tangu walifunga shasi", ndiyo yaliyonifanya nianze kuuliza uliza katika garaji, hapa Kalehe na Bukavu.

Kwa asiyejua, shasi ni zile chuma mbili ndefu zinazolala chini ya gari, moja kushoto na moja kulia, ambazo zinabeba kila kitu: injini mbele, mzigo juu, magurudumu chini. Katika kamyo nyingi tunazoziona kwenye RN2, hizi za Fuso na nyingine za Japani, chuma hiyo ina umbo la herufi C. Upande mmoja uko wazi, na kiwanda kimepitisha waya humo, zimeshikwa na vibanio, fundi anaweza kuziona na kuzigusa. Katika Land Cruiser zetu za kazi mambo ni tofauti: chuma imefungwa pande zote nne kama boksi refu. Ina nguvu zaidi ya kustahimili kujipinda, lakini ndani yake ni giza.

Sasa, kwetu gari halibaki kama lilivyotoka kiwandani. Tunabebesha kupita kiasi, shasi inapasuka, sudere anakuja na bamba la chuma na kuchomelea pale palipokuwa wazi, ile C inageuka kuwa boksi. Mwingine anakata shasi na kuirefusha ili gari libebe magunia zaidi. Mwingine ananunua gari lenye usukani kulia, lililopita Dubai na Dar es Salaam au Mombasa, anahamisha usukani kwenda kushoto, na waya zote za dashibodi zinabidi zirefushwe. Mwingine anachukua kichwa cha gari moja na shasi ya gari lingine, anafunga viti vya mbao nyuma, na tunapanda. Sicheki. Bila mikono ya vijana hao, viazi vya milimani vingeoza na wagonjwa wangebebwa kwenye machela mpaka leo. Gari la kutengenezwa hapa hapa ndilo lililotuhamisha wakati wa vita, na ndilo linaloturudisha.

Lakini katika kazi hiyo yote, waya ndiyo inafanywa mwisho, usiku, mwenye gari akiwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, anauliza kama wamemaliza kwa sababu kesho ni siku ya soko.

Kamyo yetu ya ile jioni ilifanywa hivyo. Sudere aliziba C kwa bamba huku waya zikiwa bado ndani. Moto wa kuchomelea uliyeyusha plastiki ya waya katika sehemu ambazo hakuna jicho linaloweza kuzifikia. Gari lilitoka garaji na taa zote zikiwaka, mwenye gari akalipa, akafurahi. Baada ya wiki mbili za mashimo, waya zilizobaki uchi zikagusana na chuma, taa zikafa, moja baada ya nyingine. Shofere alijaribu kupitisha waya mpya kwa nje, akaifunga na vipande vya shambrea chini ya ubao. Ilikatwa na jiwe siku ya tatu. Ndiyo tukafika kwenye tochi ya simu.

Nilikwenda Bukavu, katika garaji moja upande wa Kadutu, kumtafuta fundi wa umeme wa magari ambaye watu walinielekeza. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, hapendi jina lake liandikwe, na nimeheshimu. Nilimkuta amelala chini ya Land Cruiser iliyovuliwa kila kitu, shasi peke yake juu ya magogo, akipitisha waya za nyuma ndani ya ile chuma iliyofungwa. Nilikaa naye muda mrefu kwenye benchi la mupira. Nilichojifunza hapo nakiandika kwa urefu, kwa sababu vijana wengi wa garaji wananisoma.

Kwanza hakuanza na waya. Alianza na kalamu na kipande cha boksi, akachora: taa ya nyuma kushoto, taa ya nyuma kulia, breki, sinyali mbili, taa ya rivasi, pampu ya mafuta, na waya moja ya kurudisha umeme. Halafu akaongeza mbili ambazo hazina kazi. Nikamwuliza, muzee, hizi za nini? Akasema: "Hizi ni za siku ile mimi nitakuwa nimeshakufa." Maana yake, siku moja inapokatika ndani, kijana atakayekuja hatabomoa kitu, ataunganisha ile ya akiba na gari litaendelea.

Matundu alitoboa kwa drili, hakukata kwa moto. Na aliyatoboa katikati ya ubavu wa shasi, mbali na mgongo wake wa juu na wa chini. Alinieleza kwa kushika rula ya plastiki na kuipinda: angalia, gari linapobeba mzigo, sehemu ya juu inabanwa, sehemu ya chini inavutwa, katikati hapaumii sana. Ukitoboa juu au chini, umeonyesha ufa mahali pa kuanzia. Kila tundu alilisugua kwa tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, akapaka rangi ili kutu isianze, halafu akaweka pete ya mpira kuzunguka ukingo. Hana pete za dukani kila siku. Anakata kipande cha bomba la mpira la redieta, anakipasua, anakivisha ukingoni kama kola ya shati. Waya haigusi chuma mahali popote. Ukitaka kujua fundi mzuri na fundi wa haraka, usiangalie taa kama inawaka, angalia waya inapoingia kwenye chuma.

Kupitisha waya ndani ya boksi la mita tatu ambalo huoni ndani yake, hapo ndipo nilifikiri ataanza kutukana. Hakutukana. Alichukua uzi wa nailoni, akaufunga kwenye kipande cha mfuko wa plastiki, akausukuma kidogo ndani ya tundu la mbele, akaziba matundu mengine kwa matambara, akamwita kijana wa kujaza upepo kwenye matairi alete bomba la kompresa. Upepo ukasukuma mfuko kama tanga, uzi ukafika nyuma kwa sekunde chache. Kwa spoki ya baiskeli iliyopindwa kama ndoana, akauvuta nje. Kwa uzi akavuta kamba, kwa kamba akavuta bomba jeusi la plastiki, lile la maji ya robine, na ndani ya bomba waya zilikuwa zimeshalala zote pamoja. Wakati bomba linapita, uzi mwingine wa akiba ulipita nalo, akauacha humo na kufunga ncha zake pande zote mbili. Mwenye shida kesho ataukuta.

Ndani ya shasi hakuna kiungo hata kimoja. Hilo alilirudia kama mwalimu wa katekisimu. Waya inaingia moja, inatoka moja. Viungo vyote viko nje, ndani ya kisanduku ambacho mtu anakifungua kwa bisibisi. Kile cha kusokota waya mbili kwa vidole na kuzungushia skochi, halafu kusukuma ndani ya chuma, yeye anakiita "kuzika mtu muzima".

Na maji. Watu wengi wanafikiri boksi lililofungwa haliingii maji. Linaingia kila siku. Barabara yetu tangu mafuriko ya tarehe 4 Mei 2023, siku ile ya Alhamisi ambayo Bushushu na Nyamukubi walipoteza zaidi ya watu 400, gari linavuka maji na matope mahali pengi. Matope yanaingia kwa matundu ya shasi, yanakaa, yanakula chuma na waya kutoka ndani. Kwa hiyo mzee alihakikisha matundu ya chini ya kutolea maji yako wazi, na akalilaza bomba lake juu kidogo, siyo kwenye sakafu ya boksi. Pale waya inapotoka kwenda kwenye taa, aliipinda ishuke kwanza halafu ipande, ili tone la mvua lidondokee chini badala ya kutambaa mpaka kwenye taa. Jambo dogo. Halimpi mtu hata franka moja zaidi.

Shasi ya kushoto ndiyo aliyoichagua, kwa sababu katika gari hilo bomba la moshi linapita kulia. Na bomba la mafuta na la breki hayakuingia humo. Kila kimoja na njia yake.

Sasa nilirudi Kalehe nikiwa na furaha ya mtu aliyejifunza, nikamsimulia fundi mmoja wa hapa, kijana hodari ambaye nimemjua tangu shule. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Kaka, waya iliyofichwa ni waya ya kuua. Mimi naipitisha nje, niione. Ikikatika njiani, shofere anaiunga kwa dakika kumi. Ikikatika ndani ya boksi, mutalala barabarani. Na unajua barabara hii kulala usiku ni nini."

Sikuwa na jibu la haraka, na bado naona ana haki kwa nusu. Kulala njiani kati ya Nyabibwe na Minova si jambo la kuombea adui. Na shasi zetu zinarudi kwa sudere mara kwa mara, tofauti na gari la Ulaya ambalo likishafungwa limefungwa. Waya ikiwa ndani na sudere hajui, anaichoma kama ilivyochomwa ya kamyo yetu. Ningekuwa mkweli zaidi kusema: kati ya waya iliyosukumwa uchi ndani ya chuma na waya iliyoning'inia nje, heri ya nje. Angalau utaiona inakufa.

Lakini kijana huyo analinganisha kazi mbaya ya ndani na kazi nzuri ya nje. Ya nje nzuri nimeitafuta kuanzia Kasheke mpaka Ihusi, sijaikuta. Nimekuta kamba za shambrea, waya zenye rangi moja tu hata fundi mwenyewe hajui ipi ni ipi, na viungo vya skochi vilivyojaa udongo. Mawe ya barabara hii yanarushwa na tairi kama risasi. Matawi, matope, mbuzi wanaofungwa chini ya ubao, watoto wanaoning'inia nyuma kwenye milima, vyote vinavuta waya. Na ile dakika kumi ya kuunga njiani ndiyo inayozaa kiungo cha kumi na mbili. Jibu la mzee wa Kadutu nilimpelekea kijana kwa simu: waya za akiba, uzi wa akiba, visanduku vya viungo nje, na juu ya shasi mstari wa rangi nyekundu ulioandikwa HAPA NDANI KUNA WAYA, ili sudere yeyote avute bomba nje kabla ya kuwasha mashine yake. Ukiwa na C iliyo wazi na hujaizibwa, basi acha waya pale kiwanda kilipoziweka, ndani ya mfereji wake, na bomba na vibanio. Kijana akanijibu: "Sawa, lakini nani atalipa hiyo?"

Tutafika hapo. Kuna jambo moja kabla, na ndilo linaloniogopesha kuliko giza.

Waya inayogusa chuma haizimi taa tu. Shasi nzima imeunganishwa na batri kwa upande mmoja. Waya yenye umeme ikiigusa, umeme wote wa batri unapita hapo kwa mara moja, na waya nyembamba inakuwa nyekundu kama waya ya pasi. Kinachotakiwa kuzuia hilo ni fuzibli, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaiita fyuzi: kipande kidogo kinachokatika chenyewe kabla waya haijaungua. Inatakiwa kukaa karibu na batri na kuwa na nguvu inayolingana na waya yake. Nenda leo ufungue kisanduku cha fuzibli katika kamyo yoyote ya kwetu. Utakuta msumari. Utakuta karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Utakuta fuzibli iliyozungushiwa nyuzi za shaba. Mtu aliona inakatika kila siku, akaona fuzibli ndiyo yenye kosa. Ni kama kumfunga mdomo mbwa anayebweka usiku, halafu unarudi kulala.

Na chini ya ubao ambapo waya hiyo inapita, kuna nini? Kuna bidoni. Sote tunajua, mafuta ya magari hapa yanauzwa na wakadhafi kwa bidoni na chupa barabarani, na bidoni hizo zinasafiri na sisi, chini ya magunia, kizibo chake ni mfuko wa plastiki. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange katika teritware ya Uvira, kamyo ya mafuta ilipinduka, mafuta yakamwagika, moto ukawaka na watu zaidi ya 230 wakafa, wengine wakiwa wamekaa kuangalia mpira wa Kombe la Dunia. Kule haikuwa waya ya shasi, sitaki mtu aseme nimesema hivyo. Nasema tu kwamba mkoa wetu umeshaona mafuta yanachohitaji ili yawake, nayo hayahitaji kikubwa.

Haya, nani alipe.

Nilimwuliza mzee wa Kadutu bei ya kazi yake. Sitaitaja, maana si mteja aliyenituma kuitangaza, lakini bomba, waya nzuri za rangi tofauti, fuzibli, na siku mbili za mikono yake havifiki bei ya tairi moja jipya la kamyo. Mwenye kamyo ananunua matairi. Ananung'unika, lakini ananunua, kwa sababu tairi likipasuka gari linasimama na pesa inasimama. Taa ya nyuma ikizima gari haliisimami. Linaendelea, na hasara inahamia kwa kijana wa pikipiki na mama aliyechubuka goti. Hilo ndilo shina la jambo lote: asiyelipa waya si yule anayegongwa.

Mwenye gari ana maneno yake, na sitayaficha. Vita viliposhuka kutoka Minova na Nyabibwe mwezi wa kwanza na wa pili wa 2025, vikafika Kavumu na Bukavu, banki zilifungwa, pesa ya karatasi ikawa adimu, vipuri vikapanda bei, na kila kizuizi kikawa na mkono wake. Wengine waliibiwa magari. Mwenye kamyo moja tu iliyobaki anahesabu safari, siyo siku za garaji. Siku mbili chini ya fundi ni safari mbili zilizopotea. Namwelewa. Lakini hesabu hiyo hiyo ifanywe vizuri: safari ngapi zimeshapotea kwa taa, kwa batri iliyokwisha usiku kwa sababu waya inavuja umeme kwenye chuma, kwa pampu iliyozima kwenye mlima, kwa dakika kumi kumi za shofere chini ya gari na skochi? Shofere wetu aliniambia, bila mimi kumwuliza, kwamba mwezi uliopita amenunua batri ya pili. Hakuna aliyeunganisha batri hiyo na ile waya.

Shofere naye asibebeshwe. Mimi mwenyewe jioni ile nilitaka kumwandika vibaya. Anapewa gari na funguo, anaambiwa pesa ya siku ni kiasi fulani, akikosa anatafutwa mwingine. Akisema taa hazifanyi kazi, anaambiwa asiondoke usiku. Na akifika Nyabibwe anakuta mzigo unapakiwa mpaka saa kumi na moja za jioni. Wa kulipa ni mwenye gari, na wa kumkumbusha ni sisi tunaopanda, hasa tunapokuwa wengi.

Hapa naongea na ninyi familia mlio safarini kurudi makwenu, na ninyi mnaowapokea. Najua hamchagui gari. Mnapanda lililopo, mara nyingi kwa pesa iliyokusanywa na ukoo mzima, na mkisema neno mtaambiwa shukeni. Tulipokuwa tumefungiwa barabara ya Sake, tulipanda mashua, na tarehe 3 Oktoba 2024 Merdi ikazama mbele ya bandari ya Kituku ikitoka Minova, wapendwa wetu wakiwa ndani. Baada ya siku ile watu wengi waliogopa ziwa. Barabara ilipofunguka tukaikimbilia kama ndugu. Ndiyo maana juu ya kamyo tumejaa, na ndiyo maana mtu mwenye mtoto mgongoni hawezi kuambiwa achague fundi.

Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho. Kabla ya kamyo kuondoka, mtu mmoja akae nyuma, mwingine amwambie shofere akanyage breki, halafu awashe sinyali kushoto, kulia. Dakika moja. Kama hakuna taa, gari lisubiri asubuhi, na wote waliopanda waseme kwa sauti moja. Chama cha mashofere, ACCO, kina watu wake pale yanapopakiwa magari, wanaopita wakikusanya na kuhesabu. Mtu huyo huyo akiwa na kazi ya kuangalia taa za nyuma kabla ya kutoa ruhusa, mwenye gari atajua haraka sana kuliko akisoma makala yangu. Naongeza: aangalie na kisanduku cha fuzibli. Msumari hauna siri, unaonekana.

Na ninyi masudere, naomba msichukie. Kabla ya kufunga shasi, uliza waya ziko wapi. Ondoa nyaya za batri. Vuta waya nje, hata kama mwenye gari amesimama mlangoni na funguo. Ukishafunga bamba juu yake, hata wewe hutaweza kuziona tena.

Juzi nilimkuta shofere yule pale Kalehe, anakunywa chai ya asubuhi. Nikamwuliza habari za taa. Akacheka. Akasema amempa mwenye gari namba ya simu ya mzee wa Kadutu, na mwenye gari amempigia. Swali la kwanza alilouliza mzee lilikuwa kama shasi imetobolewa matundu ya maji. Swali la kwanza la mwenye gari lilikuwa kama kazi inaweza kumalizika kabla ya siku ya soko. Bado wanaongea. Kwa sasa, shofere aliniambia, konvwayere amenunua simu yenye betri kubwa zaidi.